ThinkPad T480 ya mtumba na mifi: zinavyonihudumia Ujiji

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Kompyuta kwangu ni kuchapa mitihani, kuingia ESS na PEPMIS (mifumo ya mtandaoni ya watumishi wa umma), na jioni kumwachia binti yangu wa kidato cha pili atazame masomo YouTube. Kwa kazi hizo laptopu ya mtumba, Lenovo ThinkPad T480, inatosha na kubaki. Yangu niliichukua Mwanga, hapa hapa Kigoma, kwa shilingi 580,000, RAM GB 8, SSD GB 256. Kompyuta ya mezani sikuitaka hata kwa bei ya kutupa: umeme ukikatika haupigi hodi, na maswali ya Hisabati ambayo hujayahifadhi yanaondoka nao.

Dukani kijana alianza kunisifia nyingine. "Madam, chukua hii, ni i7. Hiyo uliyoshika ni i5 tu." Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Hayo ni majina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Usiishie kwenye i5 au i7, soma namba zinazofuata baada ya kistari. Ile aliyoisifia ilikuwa i7-4600U, kizazi cha nne, kori (vitengo vya kufanyia kazi) mbili. Yangu ni i5-8250U, kizazi cha nane, kori nne. Tena Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Fundi anaweza kuilazimisha iingie kwenye ya zamani, lakini basi umeoana na fundi.

T480 yangu ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Nilimwomba kijana afungue kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), nikaandika powercfg /batteryreport. Inatoka ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ya ndani ilikuwa mWh 19,000 kati ya 24,000, si mbaya. Ya nje ilikuwa haifiki hata 9,000. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ya nje nibadilishie, au tuongee bei upya." Akaguna, akaingia stoo, akarudi na nyingine, nayo tukaipima. Bila ripoti ile ningeambiwa inakaa saa sita, na ningejibu nini?

Upande wa intaneti, faiba haijapita mtaani kwetu, kwa hiyo hiyo niliiruka. Wakala mmoja alinibembeleza nichukue ruta ya kifurushi kisicho na kikomo. Kikomo kipo, kimejificha kwenye maandishi madogo: ukivuka GB walizopanga, kasi inashushwa hadi unasinzia. Na ruta ya kuchomeka ukutani inazimika pamoja na umeme hata kama laptopu imejaa chaji. Ndiyo maana nikachukua mifi, kile kifaa kidogo kinachowekwa laini ya simu na kurusha Wi-Fi, chenye betri yake.

Kabla ya kununua laini niliazima simu za majirani zenye mitandao tofauti, nikapima kasi saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko hewani. Ukipima asubuhi unajidanganya. Tena pima ndani, pale utakapokaa. Mtandao uliokuwa wa kwanza barazani, chini ya bati ulishika mkia. Mifi sasa inakaa dirishani upande wa barabara, nimeifunga kwenye nondo kwa mpira wa baiskeli maana paka wetu hana adabu.

Bando lilikuwa linaliwa na Windows yenyewe ikijisasisha usiku. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna mahali pa kuiambia kwamba intaneti hii inapimwa (Metered connection). Ukiwasha, masasisho mengi mazito yanasubiri. Binti naye anatazama kwa ubora wa picha wa 480p, saa moja inakula kama nusu GB, na ubao wa mwalimu unasomeka bila shida. Siku nikifika sehemu yenye Wi-Fi nzuri ndipo naiachia isasishe inavyotaka.

Kasoro za T480 zipo. Kioo cha hii yangu ni hafifu, mchana barazani huoni kitu. Kamera yake ukimpigia ndugu, unaonekana kama umekaa jikoni kwenye moshi wa kuni. Simu za video napiga kwa simu. Chaja ni ya Type-C, ila usiichomeke ile ndogo ya simu ukategemea ijaze. Tafuta ya wati 45 au 65.