TAHADHARI: "Papa asiyekua" anayeuzwa WhatsApp ni jamii ya kambare, na anakua balaa

Wadau wa samaki wa mapambo hapa Dar, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na picha za samaki wa rangi ya fedha, wana michirizi myeusi ubavuni, urefu wa kidole. Anawaita "papa wa maji baridi". Mmoja shilingi 15,000, watatu 40,000. Mimi nilichukua watatu, mwanangu alikuwa amenisumbua wiki nzima.

Nilimuuliza mapema kabisa: wanafika wapi? Akajibu kwa ujumbe wa sauti, "Bosi, samaki anakua kulingana na tangi. Tangi dogo, samaki mdogo." Akaongeza kwamba hata wakizidi, nimpigie tu, atawachukua na kunipa wengine wadogo bila malipo. Hiyo ahadi ya kuwarudisha ndiyo iliyonilaza. Nikaona sina cha kupoteza.

Tangi langu ni la lita 60: urefu sentimita 60, upana 30. Miezi miwili ilitosha wale samaki kupita kiganja. Mwezi wa tano nikaweka rula kwenye kioo, mkubwa wao ana sentimita 24. Maji nikibadilisha asubuhi, jioni yamekuwa na ukungu na harufu. Na ni waoga ajabu! Mtu akiwasha taa ghafla usiku wanajibamiza kwenye kioo kama wamepigwa na umeme. Mmoja alichubuka pua mpaka nyama ikaonekana, akafa.

Nikampigia muuzaji. Kwanza "niko safari". Wiki iliyofuata akataka 30,000 ya usafiri ili aje kuwachukua wawili waliobaki, nami kwa ujinga wangu nikatuma. Kisha akasema kwa hali hiyo ni bora ninunue tangi kubwa kutoka kwake, 350,000. Nilipokataa na kuomba hela yangu ya usafiri, akaifungia namba yangu. Dada mmoja wa Tegeta amenisimulia mkasa ule ule, hadi ile "30,000 ya usafiri". Kwa hiyo huyu bwana hakukosea kumjua samaki wake. Anajua vizuri sana watakua, na anasubiri simu yako.

Sasa huyo samaki ni nani? Jina lake la kitaalamu ni Pangasianodon hypophthalmus, jamii ya kambare kutoka mito ya Mekong na Chao Phraya huko Asia. Vietnam wanamfuga mabwawani kwa ajili ya mnofu, na anafika kama kilo moja kwa miezi sita hadi minane. Ndiyo, mimi nilikuwa nafuga kitoweo sebuleni. Anaweza kufikia sentimita 130 na kilo 44. Hebu mfikirie kwenye tangi la upana wa sentimita 30, atageukia wapi?

Kumtambua si kazi. Papa halisi ana nyufa tano hadi saba za matamvua kila ubavu. Huyu ana kifuniko kimoja kama sato. Ana sharubu mdomoni, hana magamba, na mgongoni karibu na mkia ana kipezi kidogo cha nyama. Kuna pia weupe wenye macho mekundu, usidhani ni aina nyingine. Ukiona sharubu, huyo si papa, hata aapiwe vipi.

Na hadithi ya samaki kujipima na tangi ni uongo. Samaki akidumaa tangini ni kwa sababu anaishi kwenye uchafu wake mwenyewe na hana nafasi ya kuogelea. Hiyo ni afya mbovu, halafu hufa kabla ya wakati. Hata wale papa wa kweli wadogo, kama papa wa mianzi, hufika karibu mita moja na wanataka maji ya chumvi. Kwa lita 60 hakuna papa. Yule mweusi mwenye mkia mwekundu, anayeitwa papa naye kwa jina tu, haendi mbali zaidi ya sentimita 15, ila ni mgomvi na hata yeye lita 60 zinambana.

Wengine mtasema si umwachie tu mtoni? Tafadhali, Ruvu wala Msimbazi si mahali pa kumtupa samaki wa Mekong. Sangara waliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka.

Wangu wawili amewapokea mzee mmoja wa Mkuranga mwenye bwawa la saruji lisilo na samaki wengine, lililozungushiwa ukuta, halina mfereji wa kutokea. Kabla hajakubali aliniuliza kama wanalika. Nikamwambia wanalika, ila wametumia dawa za tangi kwa miezi, kwa hiyo wasiguswe kwa sasa. Mwanangu bado hajaambiwa kuhusu swali hilo.

Muuzaji amerudi wiki hii kwa namba mpya, picha ni zile zile, maneno yale yale, ila bei imepanda: mmoja 20,000. Akikutumia, muulize kuhusu sharubu, kisha usitume hela ya aina yoyote, hasa ya usafiri.