Daftari la mipango la 2027: lipi ununue, lipi uliache dukani

Ukiingia duka la steshenari Kariakoo au River Road mwezi Desemba, muuzaji atakuonyesha jalada kwanza: rangi, utepe, mfuko wa kadi upande wa nyuma. Mwombe akufungulie katikati. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama utaendelea kuliandika hadi Desemba nyingine: kurasa zimegawanywaje, karatasi ina uzito gani, na zimeunganishwa kwa uzi au kwa gundi. Jalada zuri halijawahi kumkumbusha mtu tarehe ya kikoba.

Orodha hii nimeipanga kwa kumfikiria mwenye duka, fundi, mwalimu, na mama anayebeba ratiba ya nyumba nzima kichwani. Kama kazi yako ni kupokea watu kwa miadi kutwa, ruka moja kwa moja hadi namba 4, kwako wewe hiyo ndiyo ya kwanza.

1. Kaunta buku ya kwaya 2, uliyoipigia mistari mwenyewe

Naiweka juu ya dayari zote zilizochapwa, na si kwa sababu ya urahisi wa bei peke yake. Dayari ya dukani imekwisha kuamua kwamba Jumamosi yako ni ndogo kuliko Jumatatu, kwamba siku yako inaanza saa za ofisi na kwamba huna madeni ya kufuatilia. Kaunta buku haijaamua lolote. Jalada lake ni gumu, mgongo wake mara nyingi umevishwa kitambaa, na zile nzuri zimeshonwa kwa uzi, kwa hiyo hulala wazi mezani bila kushikiliwa.

Hesabu yake inakaa vizuri sana. Kwaya moja kwa kawaida ni kurasa 96, hivyo kwaya 2 ni kurasa 192. Mwaka 2027 unaanza Ijumaa na unaisha Ijumaa. Ukihesabu wiki kuanzia Jumatatu utahitaji nafasi ya wiki 53, ya kwanza ikianza tarehe 28 Desemba 2026. Kila wiki ipe kurasa mbili zinazotazamana: hizo ni 106. Kila mwezi nao upe kurasa mbili: 24. Zinabaki 62 kwa mambo ambayo hakuna dayari inayoyatengea nafasi, kama ada za watoto, michango ya harusi na misiba, zamu za upatu, nani kachukua mkopo na atarudisha lini, vipimo vya wateja kama wewe ni fundi cherehani.

Andika namba za kurasa zote siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine. Ukurasa wa 1 uko upande wa kulia, kwa hiyo uache kwa jina lako na orodha ya yaliyomo. Miezi ianze ukurasa wa 2 hadi wa 25, wiki zianze wa 26 hadi wa 131, na kuanzia wa 132 ni hesabu zako. Ukifuata mpangilio huo kila wiki itafunguka kushoto na kulia bila kukatika. Upande wa kushoto panga Jumatatu hadi Alhamisi, kulia Ijumaa hadi Jumapili, na chini yake kisanduku cha mambo ya wiki ambayo hayana siku maalumu. Mistari ya wiki piga ya mwezi mmoja kwanza. Ifikapo Februari utakuwa umeshajua kama Jumamosi inahitaji nafasi kubwa zaidi, na utaibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Faida nyingine iko kwenye saa. Dayari nyingi zilizochapwa zina safu ya 7:00, 8:00, 9:00 na kuendelea. Wewe unaambiwa na mteja "njoo saa nane", unaandika mbele ya 8:00, na asubuhi ya siku ile unafika mlangoni mapema saa sita nzima. Kwenye kaunta buku andika saa unavyozitamka: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 1 jioni. Kama kazini mnatumia mtindo ule mwingine, chagua mmoja na usiuchanganye katika ukurasa mmoja.

Unapoinunua, usiamini namba ya kwaya iliyo kwenye jalada mpaka umezikadiria kurasa, maana zipo nyembamba kuliko zinavyojitangaza. Fungua katikati ya fungu la karatasi utafute uzi. Jaribu kalamu yako ukurasa wa mwisho kisha geuza: wino ukionekana upande wa pili kiasi cha kuzuia kusoma, rudisha. Udhaifu wake ni uzito na ukubwa. Haiingii kwenye mkoba mdogo. Anayetaka ukurasa mzima kwa kila siku achukue kwaya 4, ambayo ni kurasa 384: siku 365 zinaingia na kurasa 19 zinabaki. Hiyo lakini ni ya kukaa mezani, si ya kupanda nayo daladala.

2. Dayari ya A5, wiki moja kwenye kurasa mbili

Kwa asiyetaka kushika rula, hii ndiyo ya kununua. A5 ni milimita 148 kwa 210, nusu ya karatasi ya kawaida ya kutolea kopi, na inaingia kwenye mkoba wa kila siku. Wiki nzima unaiona kwa mtazamo mmoja, na hapo ndipo inapoishinda dayari ya siku kwa siku, kwa sababu tatizo la Alhamisi unaliona tangu Jumatatu.

Kagua tarehe kabla ya kulipa. Tarehe 1 Januari 2027 lazima iwe Ijumaa. Kisha tafuta sikukuu za nchi yako. Kwa Tanzania angalia 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili na 14 Oktoba. Kwa Kenya angalia 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba, ambayo mwaka huo ni Jumapili, hivyo mapumziko yanahamia Jumatatu tarehe 13. Ukikuta kurasa zimejaa sikukuu za Uingereza na hakuna Muungano wala Jamhuri, hiyo ilichapwa kwa ajili ya watu wengine.

Angalia pia siku za mwisho wa wiki. Nyingi huzibana Jumamosi na Jumapili kwenye kisanduku kimoja. Kwa mwenye duka, saluni au gereji, Jumamosi ndiyo siku ya pesa, na kisanduku cha mistari mitatu hakitamtosha.

Kuhusu jalada la ngozi bandia, nasema hili kwa watu wa Tanga, Mombasa, Dar na Unguja: joto na unyevu wa pwani huichuna. Huanza pembeni, halafu mgongoni, na vipande vyake hukuachia madoa mkobani. Jalada la kitambaa au karatasi ngumu hustahimili zaidi. Gundi nayo hulegea kwenye joto, hasa daftari likiachwa ndani ya gari, kwa hiyo hapa tena tafuta uzi.

3. Ya kuchapisha na kubaindi mwenyewe

Watu wengi hawaifikirii, ilhali duka lolote la kutoa kopi linaweza kukutengenezea. Andaa ukurasa wa wiki kwenye kompyuta, au uchore kwa mkono mara moja tu, kisha watoe nakala pande zote mbili. Wiki 53 zenye kurasa mbili zinachukua karatasi zisizozidi 54, na miezi 12 ikipewa kurasa mbili mbili inaongeza 12 hivi. Mkumbushe anayechapa aanze na ukurasa mmoja ulio wazi ili wiki isigawanyike mbele na nyuma ya karatasi moja. Kosa hilo ndilo linaloharibu kazi nyingi za namna hii, na huligundui mpaka spairo imeshaingia.

Karatasi ya kawaida ya kopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba, nzito kuliko ya madaftari mengi ya shule, na inapokea wino vizuri. Spairo ya plastiki hufunguka meno ikikandamizwa mkobani. Ya waya hugeuka nyuzi 360 na kulala vizuri, lakini ikipindika mara moja kurasa huanza kukwama. Mimi ningechagua ya waya na kuibeba kwa uangalifu. Chaguo hili linamfaa sana mwalimu, kwa sababu anaweza kuchapa wiki za muhula mmoja tu, na nafasi ya vipindi ikawa tayari imo.

4. Dayari ya ukurasa kwa siku

Kliniki, ofisi ya wakili, gereji, fundi anayepokea oda kila siku: hii ni yenu. Inakuwa kumbukumbu ya kazi kuliko mpango wa kazi, na miezi mitano baadaye mteja akibisha unafungua siku ile ile. Kwa wengine wote kurasa tupu huwa nyingi, na kurasa tupu zikifuatana wiki nzima mtu huona haya kulifungua tena. Ukinunua, chagua iliyoipa Jumapili ukurasa wake kama unafanya kazi Jumapili.

5. Dayari ya zawadi

Mabenki, kampuni za bima, wizara na vyama vya ushirika huzigawa mwisho wa mwaka, na watu hupangia mwaka mzima juu ya walichopewa bila kujiuliza kama kinawafaa. Mara nyingi karatasi ni nzuri na ushonaji ni imara. Shida ni mpangilio uliochaguliwa kwa ajili ya meneja, na kurasa za rangi za matangazo zinazoongeza uzito. Nyingine humfikia mtu mwishoni mwa Januari, wakati tarehe za muhimu zimeshaandikwa kwenye vikaratasi. Ipokee kwa shukrani, kisha ipe kazi moja: mayai yaliyookotwa kila siku, mafuta ya pikipiki, au maziwa yaliyopelekwa. Kwa kazi ya namna hiyo mpangilio wake wa siku kwa siku unafaa kuliko chochote nilichotaja juu.

6. Daftari la pete

Wazo ni zuri: unaongeza na kutoa kurasa. Lakini jalada la A5 la mtindo huu mara nyingi lina pete sita, wakati mashine ya kutoboa unayoikuta kwenye ofisi za kwetu inatoboa matundu mawili. Kurasa za ziada zikiisha Agosti utabaki na jalada la bei kubwa. Linunue tu kama umeshajua utazipata wapi.

7. Za kuagiza nje

Hobonichi ya Japani, Leuchtturm1917 ya Ujerumani, Moleskine ya Italia. Hobonichi inajulikana kwa karatasi nyembamba mno ya Tomoe River, inayobeba wino wa kalamu ya nibu bila kuuvujisha. Kama unapenda kuandika kwa wino wa chupa na una ndugu anayekuja likizo, mwagize. Kwa kupanga ada na kikoba, gharama ya usafirishaji haina maelezo.

Ukishanunua, siku hiyo hiyo jaza tarehe ambazo hazibadiliki. Mwajiri wa Tanzania aandike tarehe 7 ya kila mwezi kwa kodi ya mishahara, na aliyesajiliwa kwa VAT aandike tarehe 20. Kenya ni tarehe 9 kwa mishahara, 20 kwa VAT, na 30 Juni kwa ritani ya mwaka ya mtu binafsi. Mwaka wa fedha wa serikali zote mbili huanza 1 Julai, kwa hiyo mwenye zabuni na malipo ya serikali aiwekee Juni alama nzito. Pasaka ni 28 Machi. Wakenya wana uchaguzi mkuu Jumanne ya 10 Agosti, na kila anayesafirisha mizigo kuvuka mpaka wa Namanga au Holili afikirie wiki ile mapema.

Ramadhani itaanza karibu tarehe 8 Februari na Idi ya kwanza itakuwa karibu 9 au 10 Machi. Hizo andika kwa penseli, kwa sababu mwezi ndio utakaoamua. Kalenda ya Hijria hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka, hivyo tarehe za dayari ya zamani hazitakusaidia. Kwa mengine yote tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito. Kalamu za jeli ni nzuri machoni lakini kwenye karatasi nyepesi hupenya, na za aina nyingine, maji yakimwagika maandishi huyeyuka.

Dayari zenye tarehe mara nyingi hushuka bei kuanzia katikati ya Januari, na asiye na haraka anaweza kungoja. Kaunta buku haina msimu. Hata ukiinunua tarehe 1 Machi, ambayo ni Jumatatu, zitakuwa zimebaki wiki 44: kurasa 88 za wiki, 20 za miezi kumi, na 84 zote za hesabu zako.