Lenzi za macho kwa binti mwenye astigmatizimu: ya kwanza tulikosea, hii ndiyo imekaa

Haya wapendwa habari zenu, karibuni tena, mimi niko nyumbani hapa Moshi na leo mezani nina haya maboksi mawili madogo mnayoyaona. Ni lenzi za macho, zile za kuvaa kwenye jicho lenyewe, za binti yangu, ana miaka 15 yuko kidato cha tatu, na ana astigmatizimu macho yote mawili. Amezivaa miezi mitatu sasa ndo maana nimeona nikae niziongelee, nisingeweza kuja hapa na wiki moja tu nikawaambia nendeni mkanunue, hili ni jicho la mtoto jamani.

Kwa ambao hili neno ni geni, kioo cha mbele cha jicho kinatakiwa kiwe duara sawasawa kama mpira wa miguu, sasa kwa mtu mwenye astigmatizimu kimepinda upande mmoja kuliko mwingine, fikiria yai. Mwanga ukiingia haukutani sehemu moja. Kwa hiyo siyo kwamba haoni mbali tu au karibu tu, herufi zote zina kivuli pembeni, na usiku taa ya bodaboda inavutika kama uzi. Miwani anavaa tangu darasa la nne na inamsaidia vizuri tu, shida ni mpira wa pete. Ni mfungaji. Tumefunga kamba nyuma, tumebana, jasho likija miwani inateleza na mpira ukimgonga usoni ndo basi, fremu mbili zimevunjika kwa mwaka mmoja, akaanza kuvua miwani akiingia uwanjani, anarusha kwa kukisia. Mtoto mwenyewe ndo alikuja kuniambia mama naomba lenzi.

Sasa kosa la kwanza tulilofanya ni hili. Nilichukua kile kikaratasi cha vipimo vya miwani nikaenda nacho duka moja la miwani mjini, sitalitaja, nikamwambia kaka pale namba za mtoto hizi hapa nataka lenzi, akaniagizia, zikaja, tukalipa, tukaondoka. Hakuna aliyemvalisha pale, hakuna aliyemwangalia. Nyumbani akazivaa, anaona, halafu akipepesa macho hamna, akipepesa tena inarudi. Yaani picha inakuja na kuondoka. Ikifika saa nane mchana kichwa kinamuuma mpaka analala. Nikafikiri ni uzoefu tu, atazoea, wiki mbili nzima namwambia vumilia mama utazoea, na hapo kweli nilimkosea mwanangu kwa sababu hakuwa na cha kuzoea, lenzi ilikuwa inazunguka.

Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya hii video. Lenzi ya kawaida, ya mtu ambaye haoni mbali tu, hata ikizunguka kwenye jicho haina neno maana ni sawa pande zote. Lenzi ya astigmatizimu, wanaziita toriki, ina nguvu tofauti juu-chini na kushoto-kulia, kwa hiyo lazima ikae kwa mwelekeo uleule muda wote. Ikigeuka nyuzi 10 tu umeshapoteza kama theluthi ya kazi ya ile silinda, yaani ile nguvu inayosahihisha astigmatizimu. Ikigeuka nyuzi 30 ni kama hujasahihisha astigmatizimu kabisa, umehamisha tu tatizo. Ndo maana watengenezaji wanaiwekea uzito chini, sehemu ya chini ni nene kidogo, ili kila ukipepesa kope zinairudisha mahali pake. Na wanaichora kialama. Ngoja nisogeze kamera... hapo, kwenye kidole changu, mnaona kamstari kadogo pale ukingoni? Nimenawa mikono msiogope, na hii ni ya zamani tunaitupa. Kamstari hako kanatakiwa kakae chini kabisa ya jicho, pale penye sita kwenye uso wa saa ya ukutani, ile sita tunayosoma saa kumi na mbili.

Basi tukaenda kwa mtaalamu wa macho kabisa, anayepima. Sisi watu wa Moshi hatuna sababu ya kukosa, hospitali ya KCMC ipo hapa, ina idara ya macho na wataalamu wa kupima macho wanafundishwa palepale. Mtaalamu wetu ni dada mmoja mpole sana, akaniambia mama kaa hapo, akamwambia binti haya mdogo wangu vaa hizo lenzi zako, weka kidevu hapa. Akaangalia kwenye ile mashine yenye mwanga mwembamba. Kimya. Halafu akaniita na mimi niangalie. Kale kamstari hakakuwa kwenye sita, kalikuwa kameshavuka nusu ya safari kwenda kwenye saba, na mtoto akipepesa kanacheza, kanaenda kanarudi. Akasema hiyo ni kama nyuzi 20, kwa hiyo karibu theluthi mbili ya marekebisho yake ilikuwa inapotea kila siku mtoto yuko darasani. Nilijisikia vibaya jamani.

Akanifafanulia kitu ambacho sikukijua. Lenzi ikigeuka lakini ikatulia palepale ilipogeukia, hiyo siyo mbaya, anahesabu zile nyuzi anakuagizia namba nyingine inayofidia. Ila ikiwa inacheza, leo huku kesho kule, hakuna hesabu itakayoiponya, unabadilisha aina ya lenzi upate yenye umbo linalokubali hilo jicho. Ya kwetu ilikuwa inacheza.

Akampima upya na kumvalisha ya majaribio. Akatuambia tokeni nje mkatembee, rudini baada ya dakika 20. Tukarudi, akaangalia tena, kamstari kako kwenye sita, pepesa, kako kwenye sita, angalia kushoto, kulia, kako palepale. Ndo akaagiza. Zimekuja baada ya kama wiki mbili na ndizo hizi, Biofinity Toric za CooperVision, ni za mwezi mmoja mmoja, lenzi sita kwenye boksi.

Sasa tusome boksi pamoja maana hapa watu wengi wanachanganyikiwa. BC 8.7, huo ni mkunjo wa lenzi, DIA 14.5 ni upana wake kwa milimita, hizo usizibadilishe kwa kuambiwa na muuzaji kwamba zinafanana na nyingine. CYL ndo silinda, na AXIS ndo mwelekeo. Miwani yake jicho la kulia silinda ni -2.00, hapa imeandikwa -1.75. Jicho la kushoto miwani ni -1.50 kwenye nyuzi 165, hapa ni -1.25 kwenye 170. Mimi nilipoona hivyo nilitaka kurudisha nikidhani wamekosea! Kumbe lenzi za aina hii hazitoki kwa kila namba, silinda zinakuja -0.75, -1.25, -1.75 na -2.25, na nyuzi zinapanda kumi kumi. Mtaalamu anachagua ya karibu, mara nyingi anashuka chini kidogo, halafu anahakikisha kwa kumsomesha mtoto zile herufi ukutani. Kwa hiyo kikaratasi cha miwani na boksi la lenzi visipolingana usigombane na mtu, uliza kwanza.

Na anaonaje? Vizuri. Kiukweli miwani bado inampa herufi kali kidogo zaidi akisoma usiku, hilo anasema mwenyewe, ile robo iliyopungua anaihisi. Ila uwanjani hakuna kulinganisha. Mechi ya kwanza nilikaa pale pembeni namwangalia, siku zote alikuwa anasogea kwanza mpaka chini ya pete ndo anapokea mpira na kurusha, siku hiyo akapokea mbali, akasimama, akatulia, akarusha kutoka palepale. Sikumbuki walishinda kwa ngapi, nakumbuka alivyosimama.

Kuvaa mara ya kwanza ilichukua dakika 40, sitawadanganya. Palepale kliniki, na dada hakutuachia tuondoke mpaka mtoto avae na kuvua mwenyewe mara tatu. Kucha fupi. Mikono inanawiwa kwa sabuni isiyo na mafuta, inakaushwa kwa kitambaa kisichotoa manyoya. Lenzi unaiweka ncha ya kidole unaiangalia kwa ubavu, ikiwa imekaa kama bakuli ni sawa, ikiwa kingo zimetanuka kama sahani imegeuka nje ndani. Mkono mmoja unashika kope ya juu kabisa kwenye nywele zake, kidole cha kati cha mkono mwingine kinavuta ya chini. Alilia mara mbili, siyo maumivu, ni ule woga wa kidole kuja kwenye jicho, nami nimekaa pembeni sitakiwi kumsaidia. Na ule wasiwasi kwamba lenzi itapotelea nyuma ya jicho, haiwezi jamani, kuna ngozi laini imejikunja pale imeziba, inaweza tu kujificha chini ya kope. Jambo moja la kushika, anaanza na la kulia kila siku, kuvaa na kuvua, kwa sababu namba ni tofauti na akichanganya siku imeharibika.

Sasa maji. Sisi huku tunajisifia maji yetu ya mlimani, unafungua bomba unakunywa, na binti alishaniuliza mama si maji yetu ni safi kwa nini nisisuuzie. Hapana. Hata tone moja. Kwenye maji, hata ya bomba, hata hayo mazuri ya kunywa, kuna kijidudu kinaitwa acanthamoeba, tumboni hakikusumbui lakini kikijificha kati ya lenzi na jicho kinakula kioo cha jicho, na matibabu yake ni marefu na yanauma na wapo wanaopoteza uwezo wa kuona. Lenzi inaoshwa na solusheni yake, ile dawa ya kuoshea lenzi, peke yake, na ile ya jana inamwagwa yote, usiongezee mpya juu ya ya zamani. Kikasha cha kuhifadhia lenzi kinasuuzwa na solusheni pia, kinaachwa wazi kimeinamishwa kikauke, na kila baada ya miezi mitatu kinatupwa. Kuoga anavua. Shule yao walipopanga kwenda Chemka kuogelea, lenzi zilibaki nyumbani, akaenda na miwani yake ya zamani, alinuna lakini alienda. Kulala nazo pia marufuku, hata usingizi wa mchana wa Jumapili.

Jikoni nako tulijifunza vibaya. Siku moja alikata pilipili mbuzi za kachumbari, akanawa kwa sabuni vizuri tu, jioni akaenda kuvua lenzi. Nilisikia ukelele kutoka chumbani. Pilipili haitoki kwa kunawa mara moja. Lenzi zile tulizitupa, jicho likawa jekundu mpaka usiku, asubuhi likatulia. Tangu hapo anayekata pilipili ni kaka yake. Na msimu wa vumbi akipanda bodaboda anavaa miwani ya jua juu ya lenzi, vumbi likiingia chini ya lenzi huwezi kulifikicha.

Kuhusu kufikicha, yule dada mtaalamu alimuuliza mara mbili kama macho yanamuwasha na kama anayasugua sana. Kumbe watoto wenye mzio wa macho wanaosugua kila siku wako hatarini kupata ugonjwa wa kioo cha jicho kuwa chembamba na kuchomoza kama pia ya kuchezea watoto, na dalili yake ni hiyohiyo astigmatizimu ila inapanda haraka haraka. Ukiona namba ya silinda ya mtoto inabadilika kila mwaka kwa kiasi kikubwa, usikimbilie lenzi, mpeleke apimwe umbo la kioo kwanza.

Gharama, piga hesabu hivi: boksi ni mawili siyo moja maana kila jicho lina lake, ukinunua ni miezi sita. Solusheni unanunua mfululizo, hiyo ndo inakula hela polepole. Na miwani lazima ibaki na iwe ya namba ya sasa, siku jicho likiwa jekundu, likiuma, au likiogopa mwanga, lenzi inatoka hapohapo na mnaenda hospitali na lenzi na kikasha mkononi, hamsubiri kesho. Kama ni mtoto wa bweni na huna uhakika na usafi wa bafu lao, mimi ningechukua zile za siku moja unavaa unatupa, zipo za toriki pia, ni ghali zaidi lakini hakuna kikasha wala solusheni.

Maboksi nimeandika kwa makapeni, K ya kulia nyekundu, kushoto nimechora mstari. Haya, ameshanawa huyu, kucha ziko sawa. Njoo mama, kaa hapa kwenye mwanga wakuone. Anza na la kulia.