Uzoefu wangu: tumehama Maryland mpaka Houston kwa kontena la kukodi

Naandika hii kwa ajili ya yeyote anayewaza kuhama steti, hasa sisi tuliokuwa Maryland na DC ambako kila mwaka barua ya apatimenti inakuja na kodi imepanda tena. Sisi tulihama Machi 2025, kutoka Silver Spring mpaka Richmond, Texas, pembeni ya Houston, kaunti ya Fort Bend. Mimi, mke wangu na watoto wawili. Tulitumia kontena la futi 16, lile wanakuletea wanalishusha chini hapo nje kwako, unapakia mwenyewe kwa siku zako, alafu wanakuja kulibeba na lori lao wanakupelekea unakohamia. Huduma naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyotoa nitaielezea huko chini.

Kwanza nianze na nusura tutapeliwe, maana bila hiyo nisingefika kwenye kontena kabisa.

Nilianza kutafuta Januari. Kampuni ya kuhamisha watu inayofanya kila kitu, yani wanafunga, wanabeba, wanaendesha, ilituma mtu akaja kuangalia vitu chumba kwa chumba akatupa bei ya $6,800. Tukaona nyingi mno. Usiku nikajaza fomu moja mtandaoni, asubuhi simu zikaanza, hazikatiki, na mmoja akaniambia $2,900 mpaka mlangoni, hajaona hata kijiko chetu. Nikalipa dipoziti $700. Mke wangu akauliza tu swali moja, hao watu lori lao liko wapi? Nikaenda kwenye tovuti ya FMCSA, hiyo ndo idara ya serikali kuu inayosimamia malori yanayovuka steti, nikaingiza namba yao ya usajili, inaitwa USDOT, kumbe hawana lori hata moja, wamesajiliwa kama broka. Broka anachukua kazi yako anaiuza kwa mwenye lori, na huyo mwenye lori wewe humjui na bei uliyoambiwa yeye haimhusu. Siku mbili baada ya mimi kuanza kuuliza maswali wakapiga wakasema wamepiga hesabu upya ya ujazo wa vitu, sasa ni $5,600. Hapo hata boksi moja hatujafunga!

Kilichoniokoa ni kwamba nililipa kwa kadi ya kredit. Nikafungua malalamiko benki na hela ikarudi baada ya kama wiki sita. Ningetuma kwa Zelle, ile ya kutuma hela moja kwa moja benki kwa benki, ingekuwa imeenda. Namjua ndugu mmoja yalimkuta mabaya zaidi, vitu vilishapakiwa kwenye lori alafu wakamwambia ongeza hela au mzigo haushushwi, na watoto wamelala sakafuni. Sio mjinga yule, ni msomi kabisa, alibanwa na tarehe tu, nyumba ya zamani lazima akabidhi funguo na kazi mpya inaanza Jumatatu.

Kwa hiyo ukiamua kuchukua kampuni ya kawaida, jua haya kabla hujasaini. Makadirio yapo ya aina mbili. Kuna yanayowafunga, hiyo bei haibadiliki kama vitu ni vilevile mlivyoandikiana. Na kuna yasiyowafunga, hapo wakati wa kushusha sheria inawaruhusu kukudai mpaka 110% ya makadirio na sio zaidi, kinachozidi wanakutumia bili baadaye. Yule wa $2,900 yake ilikuwa hata haieleweki ni ipi. Alafu kuna suala la vitu kuharibika, hapa watu wengi wanalia. Ile fidia ya bure wanayokupa ni senti 60 kwa ratili, kwa hiyo TV yako ya ratili 40 ikivunjwa unalipwa $24. Dola ishirini na nne, haijalishi uliinunua elfu. Ukitaka thamani kamili unachagua ile ya kulipia na inaandikwa kwenye mkataba. Na ukikuta kimeharibika una miezi 9 ya kudai.

Sasa kontena. Kilichonivutia ni kwamba bei haitegemei uzito wala mtu wa simu kukisia, inategemea ukubwa wa kontena, umbali na tarehe. Tuliandikiwa $3,650, ndani yake usafiri na mwezi mmoja wa kulishikilia. Tungehama Juni ingekuwa juu zaidi, kuanzia Mei mpaka Septemba watu wengi wanahama maana wanasubiri shule zifungwe, na mwisho wa mwezi ni hivyohivyo. Tukachukua katikati ya Machi. Watoto kuhama katikati ya muhula iliniuma, mkubwa alikuwa na mwalimu anampenda sana, lakini tulikaa tukaongea nao mapema.

Cha kwanza kabisa ongea na ofisi ya apatimenti. Kontena linakula nafasi za parking kama mbili hivi na lori lake linahitaji nafasi ya kugeuza, na sio kila jengo linaruhusu. Kwetu walitaka barua na tarehe, wakatupa siku tatu pale nyuma karibu na majalala. Kama unakaa mtaa wa kupaki barabarani utahitaji kibali, usije ukaletewa kontena ukakosa pa kuliweka.

Mimi nafanya kazi ghala, kupakia ndo mkate wangu, kwa hiyo hapa nisikilizeni vizuri. Lori linakimbia, linapiga breki, linapita mashimo, na wakati wa kulinyanyua kontena linacheza kidogo. Vizito vinakwenda mbele kabisa ukutani na chini, friji, mashine ya kufulia, maboksi ya vitabu. Unajenga ukuta kutoka sakafuni mpaka juu, sio unatandaza kitu kimoja kimoja kuelekea mlangoni. Ukuta wa kwanza ukikamilika unaufunga kwa kamba za kubana zile zenye kichuma cha kukazia, alafu ndo unaanza wa pili. Kila tundu lijae, mito, makapu, magunia ya nguo. Kitu kikipata nafasi ya kusogea inchi mbili Maryland kitafika Texas kimevunjika. Magodoro na makochi ya kusimamisha yanafaa kukaa katikati ya kuta mbili. Mablanketi usibanie, sisi tulinunua dazeni mbili. Kufuli lete yako mwenyewe na funguo usiwape.

Nilikodi vijana wawili kwa saa mbili, $380, kwa sababu tulikuwa ghorofa ya tatu na lifti ndogo. Hela hiyo sijutii. Sufuria za shughuli za mke wangu, zile kubwa za pilau, tulizijaza nguo za watoto ndani yake, na mbuzi ya kukunia nazi tukaifunga taulo kwanza maana meno yake yangechana kila kitu.

Ambavyo havikuingia kwenye kontena: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, green card, kadi za Social Security, vyeti vya uuguzi vya mke wangu, dawa, na kompyuta. Hivyo vilikaa kwenye begi moja nyuma ya siti yangu na usiku lilikuwa linaingia hotelini na sisi.

Safari yenyewe ni karibu maili 1,450. Tulipita I-66 kisha I-81, hiyo ya Virginia haiishi jamani, unaendesha mchana kutwa bado uko Virginia, na malori ni mengi. Tukalala Knoxville. Siku ya pili Chattanooga, Birmingham, mpaka Hattiesburg, Mississippi. Siku ya tatu Louisiana, Baton Rouge, lile daraja refu la Atchafalaya maili 18 juu ya kinamasi, watoto wakakaa kimya kabisa wanaangalia maji na miti. Jioni tukaingia Houston.

Na hapa ndo nyota moja iliondoka. Waliniambia kontena litachukua siku 7 hadi 9. Lilichukua siku 14. Siku ya nane napiga simu, wa kwanza anasema liko njiani, wa pili anasema limefika kituoni Houston linasubiri dereva, wa tatu anasema bado liko Maryland. Kuchelewa naelewa, barabara ni barabara, lakini kila mtu kuniambia lake, na mimi nina watoto wanalala kwenye godoro la upepo, hilo lilinikera sana. Mama mmoja wa Kitanzania tuliyekutana naye kanisani wiki ileile alituletea sufuria mbili, sahani na mashuka bila kuombwa. Sitamsahau. Kwa hiyo panga kama vile kontena litachelewa wiki nzima, weka kwenye gari sufuria moja, taulo, nguo za kazi na za shule.

Lilipofika, vitu vyote vilikuwepo. Kilichopasuka ni kioo cha dresingi tebo tu. Tulikuwa tumelipia bima yao ya vitu $120, nikadai, wakakataa, wakanionyesha kwenye mkataba kwamba ile inalipa kontena likipata ajali, likiungua au likiibiwa, na kitu ulichofunga mwenyewe kikipasuka ndani hakimo. Imeandikwa kweli. Sikuisoma vizuri, nyie isomeni.

Hesabu yote, kontena $3,650, bima $120, vijana wa kupakia $380, wa kushusha $300, maboksi na kamba na mablanketi $210, mafuta $150, hoteli mbili $240, chakula $150. Jumla $5,200. Na usitegemee kuitoa kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu (IRS), tangu 2018 hiyo nafuu imebaki hasa kwa wanajeshi.

Je imelipa? Hapa nataka niwe mkweli maana watu wanasikia Texas haina kodi ya mapato ya steti wanafunga maboksi. Ni kweli haina, na Maryland ina ya steti na ya kaunti juu yake, Montgomery tulikuwa tunakatwa 3.2% ya kaunti peke yake. Kwetu hiyo ilikuwa kama $580 kwa mwezi mimi na mke wangu. Kodi ya kupanga nyumba ilishuka kutoka $2,480 ya vyumba viwili mpaka $2,050 nyumba ya vyumba vitatu na uwanja. Hapo tayari $1,010. Sasa toa. Umeme umepanda wastani wa $90, AC ya hapa miezi ya joto haipumziki. Bima ya gari imepanda $70. Silver Spring mimi nilikuwa naenda kazini na Metro, hapa bila gari la pili hutoki, bima na mafuta yake $240. Mke wangu analipwa pungufu ya dola moja na nusu kwa saa, hiyo ni $234 kwa mwezi. Tumebaki na $376. Gawanya ile $5,200, ni kama miezi 14 ndo tunarudisha gharama ya kuhama. Kama ungekuja huku kukaa mwaka mmoja uangalie, kwa hesabu zangu umekula hasara.

Sisi tumekuja kukaa, tunataka kununua, kwa hiyo tunaona mbele. Ila kwenye kununua pia kuna mambo, kodi ya ardhi na nyumba Texas ni kubwa, na mitaa mingi mipya ya huku pembeni ina kodi ya MUD, hiyo ni ya mabomba ya maji na mifereji, ukijumlisha zote unaweza kuvuka 2.5% ya thamani ya nyumba kila mwaka. Uliza MUD kabla hujapenda jiko. Na angalia ramani ya mafuriko ya FEMA, idara ya serikali kuu ya maafa, hata kama unapanga tu, watu wa hapa bado wanahesabu miaka kwa kimbunga Harvey cha 2017.

Makaratasi nisiyasahau. Kama sio raia, una siku 10 kuwajulisha USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya kwa fomu AR-11, ni bure, mtandaoni, dakika chache, na wengi wetu hatuifanyi. Gari unasajili ndani ya siku 30, na kuna kodi ya mkazi mpya $90 kwa kila gari. Ukaguzi wa usalama ulifutwa Januari 2025 lakini Fort Bend na Harris bado kipimo cha moshi kipo. Leseni ya udereva siku 90. Mke wangu leseni yake ya uuguzi ilikuwa ya kompakt, ile inayokubalika kwenye steti zilizokubaliana, kwa hiyo alianza kazi nayo, ila aliomba ya Texas ndani ya siku 60 kama sheria inavyotaka.

Na pleti za Maryland, usikatishe bima ya Maryland kabla hujazirudisha MVA, ofisi yao ya magari, kompyuta yao itaona gari lina pleti halina bima na faini inaanza kuhesabu. Sisi tulizituma kwa posta yenye namba ya kufuatilia, tukasubiri zipokelewe, ndo nikapiga simu kukatisha.