Antena ya waya mita 40 na kaboksi kake: nimeitumia miezi nane hapa Uru, Moshi

Wenzangu wa redio za ridhaa (sisi tunaozungumza kwa redio kwa kujifurahisha tu) mmekuwa mkiniuliza sana kuhusu hii antena, sa leo niandike yote maana nimeipitisha kiangazi na masika na naijua vizuri.

Niliagiza ikaja na basi mpaka stendi ya Moshi. Ndani kuna kaboksi keusi ka plastiki chenye transfoma, na waya kama mita 40 na nusu umeviringwa. Unafungia mwisho mmoja wa waya kwenye kaboksi, upande wa pili wa kaboksi unachomeka koksi (kebo nene kama ile ya antena ya TV) inayoenda kwenye redio, basi. Hakuna kukata waya katikati kama daipoli, ile antena ya vipande viwili inayounganishwa katikati, na kwa sisi wenye kihamba (shamba la migomba la nyumbani) hiyo ni raha kwelikweli maana unaanzia ukutani kwa nyumba unaishia kwenye mti.

Mara ya kwanza niliifunga vibaya. Niliinyoosha kutoka kwenye paa mpaka kwenye mparachichi, juu kama mita 7 tu, ikapita juu ya migomba. Kwenye bendi ya mita 80 (yaani mawimbi yenye urefu wa mita 80 hivi) Nairobi na Dar walikuwa wananisikia safi kabisa usiku, lakini Ulaya hola, Japani hola, nikakaa wiki tatu naita tu. Sababu ni kwamba waya wa kulala ukiwa chini namna hiyo kwa mawimbi marefu, nguvu karibu yote inapanda juu wima halafu inarudi chini hapohapo kwa majirani. Kwa maongezi ya ndani ya Afrika Mashariki hiyo ni nzuri tu, ila kwa mbali unahitaji mawimbi yanayotoka yakilala karibu na upeo wa macho.

Nikaamua kuusimamisha. Tuna mgrivea mmoja mrefu nyuma ya zizi, nikachukua manati na mshipi wa kuvulia samaki wenye risasi, mara ya tano mshipi ukapita juu ya tawi la juu kabisa, nikavuta kamba, kamba ikavuta waya. Mzee wa nyumba ya pili akaja kusimama uwanjani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akauliza, "Mwanangu, huo waya hautatuvutia radi?" Nikamweleza kwamba kila nikimaliza nachomoa koksi na kuitoa nje ya nyumba, na kweli nafanya hivyo, masika haina mchezo huku na radi ikipiga hata mbali redio inapasuka masikioni. Tafadhali na wewe uchomoe.

Sasa kaboksi kako chini, waya unapanda wima kama mita 19, unakunja kona, halafu mita 21 zinalala kuelekea mparachichi. Hapo ndipo hii antena ikawa antena aisee. Kwenye bendi ya mita 40 ule waya wote ni wimbi zima, kwa hiyo kipande cha wima peke yake ni karibu nusu wimbi, na mkondo wa umeme unakuwa mkubwa pale katikati yake, mita 10 hivi kutoka ardhini. Yani una antena ya wima ya nusu wimbi bila kuzika waya hata mmoja. Wiki ileile saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijatoka, pwani ya mashariki ya Marekani wakajibu kwa Morse, zile alama za nukta na mistari, kwa wati 40, kule kwao bado usiku. Japani nawapata kama saa sita usiku, wao ndo kunakucha. Kuzungumza na mtu ambaye kwake jua linachomoza wakati kwako giza totoro, mimi mpaka leo nasisimka.

Kwenye mita 80 ni nzuri wastani, sio ajabu. Alafu kuna suala la mlima. Kutoka Uru, Kibo iko kaskazini karibu kamili, mita 5,895, inakaa zaidi kidogo ya digrii 10 juu ya upeo, na Moscow iko kwenye mstari huohuo wa kaskazini. Nawasikia Warusi dhaifu kuliko Wajapani, nami naamini mlima unakula yale mawimbi ya chini. Ukiwa mjini chini kabisa unapata nafuu kidogo.

Mita 160 sasa. Muuzaji ameandika kwamba inafanya kazi na huko, hiyo si kweli na sikufurahi. Lile kaboksi linageuza 49 kwa 1, limekusudiwa mwisho wa nusu wimbi ambako upinzani uko juu, ohm elfu mbili na zaidi. Kwenye mita 160 waya wa mita 40 ni robo wimbi tu, upinzani wake uko chini, SWR (kipimo cha nguvu inayokataliwa na antena na kurudi kwenye redio) inagonga ukuta. Lakini waya wenyewe hauna kosa! Nikaruka kaboksi, nikaunga koksi moja kwa moja, waya wake wa kati kwenye antena, mesh yake ya nje kwenye waya 16 za mita 15 nilizozitandaza chini ya migomba. Nilinunua waya wa nyumba wa 1.5 dukani kwa vifaa vya umeme. Ikalia vizuri kabisa 1,830 kilohezi. Zizike kidogo lakini, jembe limeshakata mbili wakati wa palizi.

Kaboksi lenyewe: ukirusha FT8 (ujumbe mfupi unaotumwa kwa kompyuta kupitia redio) kwa wati 80 linapata moto na SWR inaanza kutembea, maana FT8 inarusha mfululizo karibu sekunde 13 kila zamu. Mimi nabaki wati 40. Nati zilishika kutu masika ya kwanza, nikabadilisha za stenlesi na kupaka silikoni kwenye kifuniko, maji yalikuwa yanaingia.

Na kelele. Usiku mmoja umeme ulikatika kijiji kizima, redio yangu iko kwenye betri ya gari, kelele ikashuka kutoka S8 mpaka S3 kwenye kipimo cha redio, nikasikia vituo ambavyo sikuwahi kujua vipo. Siku iliyofuata nikazima taa moja moja nyumbani, nikakuta chaja ya simu na taa mbili za LED ndo wachawi. Kabla hujalaumu antena fanya hivyo kwanza.

Nililipa 95,000 pamoja na nauli ya basi. Kama una mti mrefu na leseni yako ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) iko mkononi, nunua. Kama umepanga chumba Majengo na pa kufunga waya ni uzio tu, hela hiyo iweke, hutaipata raha yake. Na kama unajua kuviringa transfoma mwenyewe, tafuta pete ya feraiti na waya, kaboksi hili halina siri yoyote ndani, mizunguko 2 kwa 14 na kapasita moja ndogo.