Mafunzo ya rejea ya chenso hapa Moshi: uzoefu wangu

Niseme mapema: nusu ya mafunzo haya ni ya kusinzia, nusu iliyobaki ningeilipia tena.

Ni mafunzo ya rejea kwa waendesha chenso, ile misumeno ya mnyororo yenye injini, walio wazoefu. Wengi tuliohudhuria tumekulia kazini kule Magharibi Kilimanjaro na Rongai, tukivuna miti ya paina, ujuzi tukiuchukua kwa kaka zetu waliotangulia. Tulikwenda kwa sababu wakandarasi siku hizi wamekaza: huna cheti, huingii shambani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imembebesha mwajiri jukumu la kumfundisha mfanyakazi na kumpa vifaa vya kinga, lakini ada tulitoa mfukoni kwetu. Hilo bado limenikaa kooni.

Darasani tulisomewa majina ya sehemu za mashine, sisi ambao tunaifungua na kuifunga hata gizani. Nipite.

Uwanjani ndiko kulikokuwa na kazi. Mwalimu hakutufundisha kuangusha mti. Alisema kila mtu aangushe wa kwake alivyozoea, kisha akatoa futi akaanza kupima visiki. Mkato wa mbele, ule wa upande mti unakoangukia, uwe na kina kati ya moja ya tano na robo ya unene wa mti. Ile bawaba, mbao unayoiacha bila kukata ili iongoze mti unapolala, iwe kama sehemu moja ya kumi: mti wa sentimita 40, bawaba sentimita 4. Mzee mmoja wa Siha aliulaza mti wake pale pale alipoonyesha kwa kidole, ila bawaba yake ilikuwa nene upande mmoja na upande wa pili karibu imekwisha. Akabisha: "Mwalimu, si umeanguka nilipotaka?" Akajibiwa: "Umeanguka, baba. Leo hakuna upepo." Tulicheka, lakini mzee aliomba futi akapima mwenyewe.

Kipindi cha tupa nacho kilikuwa kitamu. Wengi wetu hunoa meno ya mnyororo na kusahau vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino. Jino likishuka na kinundu kikabaki juu, mashine hutema unga badala ya vipande, nawe unaikandamiza hadi mgongo uume. Ukikishusha mno, mashine inadaka mti na kukupiga teke.

Kasoro zipo. Suruali za kinga, zile ambazo nyuzi zake hujisokota kwenye gia na kuusimamisha mnyororo, zilikuwa chache, tukawa tunapokezana zikiwa na jasho la mwenzio. Cheti nacho hakionyeshi mwisho wa matumizi. Uingereza wanashauri kurudia kila baada ya miaka 5 kwa anayeshika chenso kila siku, na miaka 2 hadi 3 kwa anayeishika mara mojamoja. Huku kwetu kila mkandarasi ana hesabu yake.

Kwa maoni yangu wazoefu wapimwe kwanza, wafundishwe pale tu walipopungua, kama VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanavyorasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Siku moja ya uwanjani ingetutosha, na ada ingeshuka.

Ukienda, beba chenso yako mwenyewe na tupa yako. Na kabla hujalipa, uliza kama mtaangusha miti kweli au mtaishia kwenye picha za ukutani.