Kioo cha Laptop Kutoka Mwanjelwa, Nilichokifunga Mwenyewe Nyumbani

Kioo cha laptop yangu kilipasuka mwezi Julai kwa uzembe wangu mwenyewe: nilifunga mfuniko huku spika za masikioni zikiwa zimebaki juu ya kibodi, na nilipofungua asubuhi nilikuta wino mweusi umevuja pembeni na mistari ya rangi imekatiza katikati. Kabla ya kufika katika duka ninaloliandikia hapa, nilikuwa nimeshaagiza kioo Dar es Salaam kwa kutaja jina la laptop tu, kikaja kwa basi kikiwa na konekta (sehemu ya kuchomekea kebo) ya pini 40 wakati changu ni cha pini 30. Gharama ya kukirudisha nililipa mimi.

Duka lenyewe ni chumba kidogo karibu na soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, chenye meza moja ya fundi na rafu ya maboksi membamba. Kilichonifanya nilipende ni kwamba siku ya kwanza muuzaji alikataa kuchukua fedha yangu. "Mwalimu, jina la laptop halitusaidii," aliniambia. "Fungua, uniletee namba iliyo nyuma ya kioo chenyewe." Niliondoka nimekereka kidogo, lakini alikuwa sahihi, kwa sababu laptop za jina moja huweza kutoka kiwandani zikiwa na vioo vya kampuni tofauti. Changu kilikuwa cha BOE, namba yake ikianza na NT156WHM. Alichonipa ni cha Innolux, N156BGA. Vyote viwili ni vya inchi 15.6, picha yake ni nukta 1366 kwa 768, pini ni 30, na masikio ya skrubu yamekaa mahali pamoja, juu na chini. Hayo ndiyo ya kulinganisha. Kampuni ikitofautiana si neno. Kabla sijalipa alikiwasha palepale mezani kwa kifaa chake cha kupimia, akapitisha rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu ili tuone kama kuna doa. Nililipa shilingi 140,000, nikaongeza 10,000 kwa pakiti ya vifaa vya kufungulia.

Kazi ilinichukua muda wa saa mbili, na nusu ya muda huo ilikwenda kwenye fremu ya plastiki inayozunguka kioo. Skrubu zake mbili zilikuwa zimejificha chini ya vifuniko vya mpira, na asiyezitafuta kwanza ataivunja fremu akidhani imeng'ang'ania tu. Baada ya hapo nilipenyeza kipande cha plastiki kutoka upande wa chini, nikaachilia kibano kimoja baada ya kingine. Bisibisi ya chuma isitumike hapa. Aliyepasukiwa kioo kabisa avae miwani, kwa kuwa chembe huruka pindi fremu inapopinda.

Lakini kabla ya fremu kuna betri. Si kuzima laptop na kuchomoa chaja peke yake. Nilifungua kifuniko cha chini nikachomoa pia konekta ya betri, kwa sababu kebo ya kioo ndiyo inayopeleka umeme wa taa za nyuma, na mtu akiichezea huku betri imeunganishwa anaweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo kwenye bodi kuu, akabaki na kioo kipya chenye giza. Jambo jingine linatuhusu sisi wa Mbeya hasa: Julai ni baridi, hewa ni kavu, na kila mtu yumo ndani ya sweta la sufu linalotoa cheche likivuliwa. Nililivua mapema, nikagusa bomba la maji la chuma, ndipo nikashika kioo.

Konekta ilinitisha kuliko vyote. Imefunikwa kwa selotepu, na chini yake kuna kishikio chembamba cha waya ambacho huinuliwa kwanza. Kisha plagi huvutwa taratibu sambamba na mgongo wa kioo, kamwe si kwa kwenda juu. Nilipounganisha kioo kipya sikukimbilia kufunga fremu. Nilikiegemeza, nikarudisha betri, nikawasha na kuona picha imetulia, kisha nikazima na kuchomoa betri tena ndipo nikakaza skrubu.

Mwangaza ni mzuri, ingawa nyeupe yake imeelekea ubuluu kidogo kuliko ile ya zamani, jambo ambalo nililisahau baada ya siku tatu. Laptop ya kioo cha kugusa, kilichogundishwa kwa gundi, sishauri mtu aijaribu nyumbani, ampelekee fundi.

Malalamiko ninayo mawili. Dhamana ni ya siku saba tu, nayo hufutika mteja akibandua karatasi ya plastiki iliyo juu ya kioo, hivyo mimi niliiacha hadi siku ya nane, nikifanya kazi huku naona viputo vya hewa. La pili ni ile pakiti ya vifaa: ncha ya bisibisi ililika kwenye skrubu ya nne, nikalazimika kuazima ya fundi saa wa jirani. Nilipoirudisha dukani, muuzaji hakubisha, akanipa nyingine mpya ya aina ileile.